Waliopimwa Wangapi, Waliotibiwa Wangapi?

Kampeni ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi ikimalizika, takwimu ya kwanza kutangazwa ni ya wanawake waliojitokeza. Foleni ilikuwa ndefu, mgeni rasmi amepongeza, picha zimepigwa. Ila kupimwa hakumponyi mtu. Kinachookoa maisha ni hatua zinazofuata kwa wale wachache ambao majibu yao si mazuri, na hapo ndipo taarifa zetu hunyamaza. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 uliliona hilo mapema. Pamoja na chanjo kwa wasichana, ulitaka ifikapo 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kabla ya kutimiza miaka 35 na tena kabla ya 45, kisha asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Kwa Tanzania, ambako makadirio ya 2020 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka, sharti hilo la mwisho ndilo la kusimamiwa kwa karibu zaidi.

Uthibitisho mchungu wa uzito wa tiba unatoka New Zealand. Kuanzia miaka ya 1960, katika hospitali moja ya wanawake mjini Auckland, daktari Herbert Green aliwaacha baadhi ya wanawake waliokuwa na mabadiliko makubwa ya seli kwenye mlango wa kizazi bila kuwapa tiba kamili, akiamini hayageuki saratani. Wengi hawakujua kwamba wamo kwenye utafiti. Tume iliyoongozwa na Silvia Cartwright iliyaanika hayo mwaka 1988, na uchambuzi uliochapishwa 2008 ukaonyesha kwamba katika miaka 30, takriban wanawake 31 kati ya kila 100 walioachwa hivyo walipata saratani. Kwa waliotibiwa ipasavyo, hawakufika hata mmoja kati ya 100. Kwa hiyo anayeambiwa ana mabadiliko asijihesabu kuwa tayari ana saratani, kwani hata yale makubwa huchukua miaka mingi kugeuka, na wengine hayawageukii kabisa. Lakini asiyetibiwa anacheza kamari ambayo tiba ya dakika chache ingeiondoa.

Kipimo na tiba yake havitishi. Muuguzi hupaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha huangalia kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Ikiwapo, na ikiwa ndogo, inaweza kutibiwa siku hiyo hiyo bila kulazwa. Tiba mgando huigandisha kwa gesi. Tiba joto huigusisha kichwa cha kifaa chenye nyuzi joto 100 au zaidi kwa sekunde 20 hadi 30. Ya kwanza hutegemea mtungi mzito unaoweza kuisha katikati ya kazi. Ya pili ina mashine ndogo ya kubebeka mkononi. Madoa makubwa, au yanayotia shaka ya saratani, yanahitaji rufaa. Anayetibiwa naye hurudi kupimwa baada ya mwaka mmoja.

Wapo wanaosema kumtibu mwanamke siku hiyo hiyo bila kipande cha nyama ya mlango wa kizazi kupelekwa maabara ni kuwatibu wengi wasiohitaji. Hoja hiyo ina ukweli: uvimbe wa kawaida unaweza kugeuka mweupe, na maambukizi mengi ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, huisha yenyewe. Ndiyo maana wanawake kwa jumla huanza kupimwa wakiwa na miaka 30, na wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ya saratani hii ni takriban mara sita ya wasio na VVU, huanza na miaka 25. Lakini athari za tiba hizi kwa kawaida ni ndogo, ilhali mwanamke aliyeambiwa arudi wiki ijayo ana nauli ya kutafuta, shamba la kulima na mume wa kumweleza. Asiporudi, kipimo chake kimekwenda bure.

Wengine wanasema tuvute subira, kipimo cha vinasaba vya HPV kitamaliza tatizo. Ni bora kweli, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Ila mara nyingi majibu yake hutoka maabara baada ya siku kadhaa, hivyo kinaongeza haja ya kuandika namba ya simu, kupiga na kumfuatilia asiyerudi. Chanjo nayo, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, haikuwafikia mama zao.

Basi halmashauri isipewe pongezi kwa kutangaza idadi moja. Itaje waliopimwa, waliokutwa na tatizo, waliotibiwa na muda waliosubiri. Na kama hakuna mashine ya tiba, wala gari na mpango wa rufaa, bajeti ianzie huko kabla ya kukodi mahema.