Hita kavu za maabara: pima tundu kabla ya kuuliza bei

Katika biashara ya vifaa vya maabara ipo bidhaa ndogo ambayo wafanyabiashara wengi wa Handeni na Korogwe huipita bila kuitazama. Ni hita kavu ya kupashia joto tyubu za sampuli: bloku ya alumini yenye matundu, inayopashwa kwa umeme na kulindwa na kidhibiti joto. Tyubu hutumbukizwa tunduni na sampuli hupata joto bila maji.

Vipimo vingi vya kemia ya damu hufanyika kwenye nyuzi 37 za Selsiasi. Baadhi ya vipimo huhitaji seramu ipashwe nyuzi 56 kwa dakika 30. Kipimo cha vinasaba cha LAMP, kilichotangazwa na wataalamu wa Japani mwaka 2000, hufanya kazi kwenye nyuzi 65 hivi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza aina yake ya kupimia kifua kikuu.

Mshindani wa hita hii ni beseni la umeme la maji moto. Beseni lina sifa yake, kwani maji hushika tyubu ya umbo lolote. Lakini maji hupungua, huota ukungu na hutakiwa kubadilishwa. Kwa maabara ya Misima, wilayani Handeni ambako shida ya maji ni ya miaka mingi, hiyo ni gharama isiyokwisha. Kwa upande wa umeme, hita ya wati 200, hata ikivuta nguvu zake zote kwa saa 5, hutumia uniti 1 tu.

Hasara hujificha kwenye tundu. Hewa haipitishi joto vizuri. Tyubu ya milimita 12 ikicheza ndani ya tundu la milimita 16, kioo cha mashine kitaonyesha 37 huku sampuli ikiwa chini ya hapo. Kipimo cha sukari kikifanyika hivyo, majibu yanaweza kusomeka pungufu na mgonjwa wa kisukari akaambiwa yu salama. Mwenye maabara naye hupoteza wateja.

Kwa hiyo mnunuzi aende dukani na tyubu anazotumia. Aulize kama bloku za ukubwa mwingine zinapatikana, na ahakikishe mashine ni ya volti 230, si 110. Kisha aweke kipimajoto ndani ya tyubu yenye maji, asubiri, na alinganishe na kioo. Ajaribu matundu ya katikati na ya pembeni.

Anayetaka kuagiza kwa ajili ya kuuza aanzie TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kujua masharti. Anayefungua maabara anahitaji usajili wa Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Kwa mtaji mdogo, ni afadhali kuleta hita chache zenye bloku za kubadilisha kuliko shehena ya bei nafuu isiyolingana na tyubu za wateja.