Mtindo ni wa Nani? Jina, Sauti na Utunzi katika Bendi za Dansi za Dar es Salaam

Katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, neno mtindo aghalabu hufungamanishwa na mtu mmoja. Mhakiki anayefuata misingi ya elimumitindo huchunguza jinsi mwandishi fulani anavyoteua maneno, anavyounda sentensi na anavyotumia tamathali, kisha husema kuwa huo ndio mtindo wake. Katika muziki wa dansi wa Tanzania neno hilohilo limepata maana nyingine. Huko mtindo ni wa kikundi, tena una jina lake mahususi linalotangazwa mlangoni, redioni na ndani ya nyimbo zenyewe. NUTA Jazz ilikuwa na Msondo. Mlimani Park ilikuwa na Sikinde. Maquis ilikuwa na Kamanyola. Bima Lee ilikuwa na Magnet Tingisha. Shabiki hasemi tu kwamba anaipenda bendi. Husema yeye ni wa Msondo au ni wa Sikinde, kama vile mtu anavyotaja ukoo wake.

Matumizi hayo yanazua swali. Wanamuziki wa bendi hizo walikuwa wakihama mara kwa mara. Ikiwa mtindo ni wa kikundi, na kikundi chenyewe kinabadilika watu, basi jina la mtindo hutaja kitu gani hasa? Mhadhara huu unalichunguza swali hilo kwa kuzingatia matukio mawili, la mwaka 1978 na la mwaka 1985. Hoja yake kuu ni kwamba jina la mtindo si maelezo ya sauti, bali ni dai la mwendelezo: huwaambia wasikilizaji kuwa bendi ni ileile, hata pale sauti inapoundwa upya na wageni. Kutokana na hoja hiyo, mtafiti wa lugha ya nyimbo hana budi kujihadhari asije akaichukulia bendi kuwa ndiye mtunzi.

Wimbo unavyoundwa

Ili kuelewa athari ya mwanamuziki mgeni, ni lazima kwanza kueleza jinsi wimbo wa dansi unavyoundwa. Mtunzi, ambaye mara nyingi ni mwimbaji, huleta maneno pamoja na mahadhi ya msingi. Katika mazoezi, wenzake huongeza sehemu zao: gitaa la solo, la pili yake, la rithimu na la besi, kisha tarumbeta na saksafoni, kisha tumba na drams. Wimbo uliokamilika kwa kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza huenda kwa utaratibu, na ndiyo inayobeba beti na kisa. Ya pili huitwa chemko. Hapo mwendo huongezeka, maneno hupungua na kuwa ya kurudiwarudiwa, na magitaa pamoja na ala za kupuliza hushika uongozi ili watu wacheze.

Mgawanyo huo una maana kubwa. Maneno yana mwenyewe anayejulikana, ilhali upangaji wa sauti ni kazi ya wengi. Kwa hiyo wageni wanaoingia katika bendi hawaibadilishi kwa namna moja. Mwimbaji mtunzi anapojiunga, hubadilika mada, msamiati na namna ya kufumba. Mpiga gitaa anapojiunga, hubadilika zaidi chemko. Bendi inaweza basi kubaki na maneno ya kale juu ya sauti mpya, au kuleta maneno mapya juu ya sauti iliyozoeleka.

Jambo la pili linahusu umiliki. Baada ya uhuru, bendi nyingi za Dar es Salaam zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama tawala. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima la Taifa. Ala zilikuwa za mwajiri, na mwanamuziki alilipwa mshahara. Nyimbo zilirekodiwa kwa wingi katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, nazo zikajulikana nchi nzima bila mtunzi kupata kipato kikubwa kutokana na mauzo ya santuri. Mwanamuziki aliyeondoka hakuweza kuchukua gitaa wala jina la bendi. Alichoondoka nacho ni koo lake, vidole vyake na akili yake ya utunzi. Kwa sababu hiyo kuhama kulikuwa silaha yake kubwa ya kudai maslahi. Walioita kuhama huko utovu wa uaminifu waliutazama upande mmoja tu wa mkataba.

Mwaka 1978: wageni wanaunda nyumba

Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978, ikichukua jina la baa iliyokuwa ikipiga. Mmiliki wake wa kwanza alikuwa TTTS, kampuni ya usafiri na teksi. Ilikusanya watu waliokwisha kukomaa kwingine. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa NUTA Jazz, alitoka katika bendi hiyo ambayo wakati huo ilikuwa ikiitwa Juwata, na Abel Balthazar, mpiga gitaa, naye akajiunga. Michael Enoch, aliyejijengea jina katika Dar es Salaam Jazz Band, akawa kiongozi wa muziki.

Bendi hiyo ilikuwa changa, lakini masikio ya watu yalikwisha kuizoea sauti ya Gurumo chini ya jina la Msondo. Kama isingekuwa na jina lake, ingehesabiwa kuwa tawi la Juwata. Hapo ndipo umuhimu wa jina la mtindo unapobainika. Bendi ilichagua Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, watu wa mwambao unaoizunguka Dar es Salaam. Msondo nalo lilikuwa jina la ngoma ya jadi. Bendi mpya ilijitenga na ile ya zamani kwa kutumia sarufi ileile ya kuita: ala ni za umeme, tarumbeta zimetoka ng'ambo, lakini jina linatoka uwanjani kwa wenyeji. Kwa njia hiyo kikundi cha wahamiaji kilijitangaza kuwa mwenyeji. Ushindani wa Msondo na Sikinde uliofuata ukawa utani wa jadi wa jiji zima.

Mwaka 1985: njia mbili za kupokea wageni

Mwaka 1983 TTTS ilifilisika, na bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Miaka miwili baadaye ilipata pigo kubwa zaidi. Hugo Kisima, mfanyabiashara aliyemiliki Orchestra Safari Sound, aliwavuta wanamuziki sita kwa mpigo, wakiwamo Gurumo na mwimbaji Hassani Bitchuka. Kwa siku chache bendi mbili zikajikuta na tatizo moja lililotazama pande mbili: mmoja amepoteza sauti aliyoizoea, na mwingine amepata sauti asiyokuwa nayo.

Majibu yao yalitofautiana kabisa. Safari Sound ilibadili jina la mtindo. Hapo awali, katika enzi za Ndala Kasheba, mpiga gitaa kutoka Zaire, bendi hiyo ilifahamika kwa mtindo wa Masantula. Walipowasili wageni wa Sikinde, ilitangaza Ndekule. Tangazo hilo lilikiri wazi kwamba muziki umebadilika kwa sababu watu wamebadilika. Lilikuwa pia tangazo la kibiashara: mwenye mali alikuwa amegharimia sauti mpya, naye alitaka ijulikane kuwa ni mpya.

Mlimani Park ilitenda kinyume. Watu sita, miongoni mwao waimbaji waliotambulisha bendi, walikuwa wameondoka. Nafasi zao zikajazwa na wengine. Hata hivyo jina la Sikinde halikuguswa. Michael Enoch alibaki, na kubaki kwake kuliwapa wageni mtu wa kuwaonyesha jinsi magitaa yanavyopokezana na ala za kupuliza. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji alipona kwa kuwa wageni walikubali kuingia chini ya jina walilolikuta. Maneno yaliyoimbwa yalitoka kwa watunzi wengine, na koo zilikuwa nyingine, lakini msikilizaji aliendelea kuitwa shabiki wa Sikinde.

Hivyo basi, mwaka uleule, jina moja la mtindo lilitumika kuficha badiliko na jingine kulitangaza. Ndiyo sababu jina la mtindo haliwezi kuchukuliwa kama maelezo ya sauti. Vijana Jazz inathibitisha jambo hilo kwa njia ya tatu: ilibadili majina kadiri miaka ilivyopita, ikiwa na Takatuka na baadaye Pamba Moto, huku mmiliki wake akibaki yuleyule.

Majina yaliyowashinda wamiliki

Historia iliyofuata imetoa hukumu yake. Kisima aliivunja Safari Sound, na Ndekule ikaisha kama mtindo unaopigwa, kwa kuwa ala na jina vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Msondo ulipita njia ndefu zaidi. Bendi yake iliitwa NUTA, kisha Juwata, kisha OTTU, kila jina likifuata mabadiliko ya chama cha wafanyakazi. Mwishowe ikaitwa Msondo Ngoma. Jina la mtindo, lililokuwa kama kivumishi cha bendi, likawa ndilo nomino yenyewe. Sikinde nayo imefikia karibu hapo: wengi huitaja kwa jina hilo bila kukumbuka baa wala shirika lililoimiliki.

Gurumo mwenyewe alirudi Msondo, akaimba huko hadi alipostaafu mwaka 2013. Akafariki mwaka 2014. Mtu mmoja alipitia mitindo mitatu yenye majina matatu yaliyopingana. Hakuna anayeweza kusema kwamba kila alipovuka kizingiti alivua lugha yake na kuvaa nyingine.

Maana yake kwa utafiti wa lugha

Hapa ndipo suala hili linapowahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Nyimbo za dansi ni hazina kubwa ya Kiswahili cha mjini: zina misemo, mafumbo, nasaha na malalamiko ya ndoa, kazi na umaskini. Lakini mara nyingi nyimbo hizo huhifadhiwa na kutajwa kwa jina la bendi. Mtafiti anayekusanya nyimbo 50 za Mlimani Park na kuzungumzia lugha ya Sikinde anachanganya watunzi walioingia na kutoka katika vipindi tofauti, kisha anaiita mchanganyiko huo sauti moja.

Mathalani, Neema ni utunzi wa Cosmas Chidumule, ingawa wengi huujua kama wimbo wa Sikinde. Chidumule baadaye aliuacha muziki wa dansi akaingia katika muziki wa injili. Anayefuata jina la bendi hataiona safari hiyo. Anayemfuata mtunzi ataweza kuuliza ni tungo gani za mapenzi zilizohamia katika sifa za Mungu, na zipi zilizoachwa nyuma.

Suala hili ni la haki pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humtambua mtunzi kuwa ndiye chanzo cha haki. Kumbukumbu inayotaja bendi pekee humwachia mtunzi, au warithi wake, kazi ngumu ya kuthibitisha kuwa maneno yalikuwa yake. Kwa hiyo kila wimbo unaoingizwa katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili unapaswa kuambatana na jina la mtunzi, majina ya waimbaji na wapigaji, mwaka wa kurekodiwa, na jina la mtindo uliotangazwa wakati huo. Majina hayo ya watu, mengi yao, bado yamo vinywani mwa mashabiki wazee wanaoweza kumtambua mwimbaji kwa ubeti wa kwanza tu. Ni vema yaandikwe wakati wao wangali hai.