Ritifaa Inapovuka Mpaka: Kuandika Barua Pepe Nje ya Mtandao

Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, dakika moja ya intaneti katika saiba za Busia na Tororo ilikuwa na bei yake, na mwandishi asiyejua kupiga chapa upesi aliilipia polepole yake. Ndipo ulipoenea utaratibu wa kuandika nje ya mtandao: barua iliandikwa kwanza ofisini, katika kompyuta kuukuu yenye WordPerfect au Word ya zamani, ikahifadhiwa kwenye disketi, kisha ikapelekwa saiba kunakiliwa na kutumwa. Mgao wa umeme ulipokuwa mkali nchini Uganda mwaka 2006, aliyeandika moja kwa moja kwenye ukurasa wa barua pepe angeweza kupoteza kila kitu kwa kukatika mara moja.

Utaratibu huu tunauunga mkono. Barua iliyolala usiku mmoja kabla ya kutumwa huwa na upatanisho wa kisarufi ulio bora. Hata hivyo, una mtego mmoja unaotuhusu sisi wa Kiswahili kuliko wengine, nao ni ritifaa.

Kompyuta hutunza kila herufi kwa namba. Mfumo wa ASCII, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1963, una nafasi 128 tu. Kifaransa hakienei humo kwa sababu ya alama zake za juu ya irabu. Kiswahili kinaenea chote, pamoja na ritifaa iliyonyooka tunayoitumia katika ng'. Kwa hiyo lugha yetu ingeweza kusafiri salama hata katika mitambo ya kizamani kabisa.

Tatizo huletwa na programu ya kuandikia inayotaka kupendezesha. Unapobonyeza ritifaa, Word huibadilisha kimyakimya kuwa ya mkunjo, ambayo katika mfumo wa herufi wa Windows ina namba 146, yaani nje ya zile 128. Barua ikinakiliwa na kutumwa, mtambo wa upande wa pili usioifahamu namba hiyo huweka alama ya kuuliza. Mwalimu wa Tororo anaandika kuhusu ndugu zake wa ng'ambo ya mpaka, na wa Busia anasoma “ng?ambo”. Mitambo mingine huweka vijialama vitatu visivyosomeka.

Mwanafunzi akiona hivyo, dawa yake huwa ni kufuta ritifaa kabisa. Hapo ndipo kosa la mashine linapogeuka kosa la lugha. Sauti ya ng' ni moja, ya nazali, ilhali ng ya “ngoma” ina kipasuo ndani yake. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni wivu au tamaa. Tena kuna majina ya watu: Ng'ang'a akiandikwa Nganga katika maombi ya kazi, na cheti chake kina ritifaa mbili, atakuwa na maelezo ya kutoa.

Kwa jirani zetu wanaoandika Luganda hali ni ngumu zaidi, kwani tahajia yao sanifu ina herufi ŋ, isiyokuwamo katika ASCII wala kwenye kibodi za kawaida. Wengi huishia kuandika ng' kama sisi, na wanarithi mtego uleule.

Njia ya kujikinga ni nyepesi. Andika katika Notepad, au uzime mabadiliko hayo katika mipangilio ya Word. Ikiwa kompyuta si yako, bonyeza Ctrl na Z mara tu ritifaa inapojikunja, itanyooka. Hifadhi faili kama matini tupu.

Mitambo ya leo hutumia zaidi mfumo wa UTF-8, na alama za kuuliza zimepungua. Lakini wanaokusanya matini za Kiswahili cha mpakani kwa ajili ya tasnifu wasijione wamepona. Programu nyingi za kuchambua matini huzihesabu ritifaa hizo mbili kuwa alama tofauti, na “ng'ombe” mmoja hutokea kwenye orodha mara mbili, kila mmoja na idadi yake pungufu. Tunawaomba wanaotuletea data wanyooshe ritifaa zote kabla ya kuhesabu chochote.