Gari la Viti Viwili Latafuta Mwenyewe

Katika Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao barabara zake huitwa kwa namba, mpita njia husikia nyundo za mafundi tangu asubuhi. Huku bodi yanyooshwa, kule injini imeshushwa juu ya gunia, na kijana amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Magari yaliyokatiwa tamaa kwingineko hufufuliwa hapa, na mazungumzo ya kazi hiyo ni ya Kiswahili.

Magari mengi yanayofufuliwa ni ya Kijapani. Gari la Kiingereza la zamani, lile la viti viwili lenye turubai badala ya paa, ni mgeni wa nadra. Nairobi halikuwa mgeni. Huko yalianza mwaka 1970 mashindano ya uzuri wa magari, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na waamuzi hukagua gari hata tumboni. Gari lililotunzwa kwa namna hiyo hupata bei. Nalo lililopakwa rangi tu huitafuta bei hiyo hiyo. Hapo ndipo pana hatari.

Tuseme basi limetokea tangazo: MGB, limetengenezwa upya, linauzwa. Tuseme anayelisoma ni sajini aliyekaribia kustaafu, mwenye akiba ya miaka ishirini na watoto watatu shuleni. Amelipenda tangu alipoliona katika picha akiwa kijana. Si kosa kupenda. Lakini kabla ya kufungua mkoba, afaa ajue anachokinunua.

Herufi MG zatokana na Morris Garages, karakana ya William Morris katika mji wa Oxford. Aina ya MGB iliundwa Abingdon kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, na pamoja na ndugu yake mwenye paa la bati yalitoka zaidi ya magari 500,000. Mengi yalipelekwa Marekani, yakiwa na usukani upande wa kushoto. Hayo ndiyo yafaayo Burundi, ambako magari hupita kulia. Injini yake ni ya silinda nne, ujazo wa lita 1.8, na ni ya ukoo mmoja na zile zilizofungwa katika Morris Oxford na Austin Cambridge. Kwa hiyo, licha ya sura yake ya fahari, moyo wake ni wa gari la kawaida la baba wa watoto. Triumph TR2 ya mwaka 1953 hata ilikuwa na injini iliyo jamaa ya ile ya trekta la Ferguson! Fundi mzee asiyewahi kuligusa gari la mbio hatababaika akifungua kifuniko cha mbele, ila atahitaji spana za inchi, kwa kuwa zile za milimita zitakula pembe za nati.

Injini, kwa kweli, si jambo la kutisha. Ikichoka huchongwa, hubadilishwa pete, na huendelea. Jambo la kutisha ni kutu. MGB halina chesisi ya peke yake kama lori au kama MGA lililolitangulia. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Vile vizingiti virefu vilivyo chini ya milango, ambavyo mtu asiyejua hudhani ni pambo, ndivyo vinavyoshikilia mbele na nyuma zisiachane. Kila kizingiti kina mabati ya nje na ya ndani, na maji yakiingia katikati huoza pasipo kuonekana. Mwuzaji asiye mwaminifu huziba tundu kwa pati, akasugua, akapaka rangi nyekundu ing'aayo, na gari likapendeza kama bibi harusi.

Dawa ya hila hiyo ni sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa. Ipitishwe polepole juu ya vizingiti na juu ya matao ya magurudumu: palipo na bati itashika, palipo na pati nene itaanguka. Kisha gari liinuliwe kwa jeki upande mmoja, na mlango wa upande huo ufunguliwe na kufungwa. Mlango ukianza kugoma, au mwanya wake ukibanana juu, gari linapinda katikati. Hapo mnunuzi ashukuru na kuondoka. Gari kama hilo likigongwa halitamkinga aliyemo, na kulichomelea upya vizuri ni kazi ya wiki nyingi. Bodi mpya kamili zimekuwa zikitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1988, lakini kuisafirisha moja hadi Dar es Salaam na kuipandisha mpaka Bujumbura kwaweza kuzidi thamani ya gari lenyewe.

Petroli nayo ina habari yake. Injini hizi ziliundwa nyakati za petroli yenye risasi, na risasi hiyo ililinda viti vya valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, kwa faida kubwa ya afya za watoto. Mnunuzi aulize kama kichwa cha injini kimewekwa viti vya chuma kigumu. Jibu la "sijui" lihesabiwe kuwa ni hapana, na gharama ipunguzwe katika bei.

Aombe pia kuliwasha asubuhi, injini ikiwa baridi, si baada ya mwenyewe kulipasha moto kabla ya mgeni kufika. Moshi wa buluu usiokoma ni mafuta yanayoungua. Likisita linapokanyagwa, huenda ni jambo dogo tu: kabureta zake mbili za SU huhitaji mafuta kidogo katika vifuniko vyao vya juu, na wengi husahau kuyatia.

Namba iliyopigwa katika bodi isomwe na kulinganishwa na karatasi ya gari, tarakimu kwa tarakimu. Askari polisi walijua hili kuliko wengine, hata hivyo wapo waliolisahau siku ya ununuzi wao wenyewe.

Na mama wa nyumbani je? Yeye hatauliza habari za kabureta. Atalizunguka gari mara moja, atachungulia ndani, kisha atasema, "Baba Asha, mimi na wewe tumepata pa kukaa. Asha na wadogo zake watapanda wapi?" Sajini hana jibu, maana nyuma ya viti pana nafasi ya mikoba tu. Labda atasema ni gari la Jumapili, la kwenda ufukweni. Basi wakae wahesabu kwanza ada ya shule, kodi ya nyumba na akiba ya ugonjwa. Kitakachobaki ndicho kipimo cha gari la Jumapili. Kisipotosha, sumaku ni bei rahisi, na kulitazama gari la mtu hakulipiwi.