Kabla ya kubadilisha tairi ya nyuma ya tuktuk, soma ubavu wake

Jumamosi moja asubuhi nilimbeba mama mmoja na wajukuu wake wawili kutoka Kongowea kwenda Kiembeni. Tulipopita Bombolulu nikasikia mlio kama wa fataki chini ya kiti cha abiria. Tuktuk ililala upande wa kushoto, usukani ukanivuta, nikaachia mafuta na kushika breki taratibu hadi tukasimama kwenye mchanga wa pembeni. Kwa bahati hapakuwa na lori nyuma yangu. Watoto walikuwa wakilia, lakini hakuna aliyeumia.

Yule mama alishuka, akatazama tairi ya nyuma iliyopasuka, akaniambia kwa upole, "Usijali mwanangu, ajali haina kinga."

Nilinyamaza. Tairi ile nilikuwa nimeinunua wiki tatu kabla, mpya kabisa, na nilijivunia kuwa nimeipata kwa bei ya chini kuliko duka la jirani. Fundi wa pancha aliyekuja kunisaidia aliigeuza mara moja tu, akauliza, "Mdogo wangu, nani amekuuzia tairi ya wilbaro?"

Nilidhani ananifanyia mzaha. Akanionyesha ubavuni. Namba ilikuwa 4.00-8, sawasawa na ile ya tairi yangu ya zamani. Muuzaji alinionyesha namba hiyo hiyo, nami nikaridhika. Sikujua kwamba wilbaro za mjengo nazo huvaa 4.00-8. Tairi hizo zinaingia kwenye rimu bila taabu, na ukizitazama kwa mbali zinafanana na za tuktuk. Lakini zimetengenezwa kusukumwa kwa mguu, si kukimbia barabarani na watu wanne.

Tangu siku ile sinunui tairi kabla ya kusoma ubavu wake wote. Nayaandika haya kwa ajili ya madereva wenzangu, kwa matajiri wenye tuktuk, na kwa abiria pia, maana wao ndio wanaokaa juu ya tairi hizo za nyuma.

Kwanza tuelewe kwa nini tunasema ya nyuma. Tuktuk nyingi za hapa Mombasa injini yake iko nyuma, na abiria watatu wanakaa karibu juu ya injini hiyo. Mbele kuna gurudumu moja na dereva. Kwa hivyo uzito mkubwa unabebwa na tairi mbili za nyuma, na hizo hizo ndizo zinazosukuma chombo. Ndiyo maana zinaisha upesi kuliko ya mbele, na ndiyo maana zinahitaji upepo zaidi ya ya mbele.

Sasa tusome ubavu. Ile 4.00 ni upana wa tairi kwa inchi, na 8 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Hiyo ndiyo namba ya tuktuk nyingi za Bajaj na TVS. Usikisie kwa sababu ya jina la kampuni, kwani aina nyingine za tuktuk zina rimu kubwa zaidi. Soma tairi iliyotoka kiwandani na chombo chako, au kijitabu chake.

Baada ya hapo tafuta herufi PR. Hizi zinaeleza nguvu ya tairi. Zamani zilihesabu matabaka ya nyuzi ndani ya mpira. Siku hizi matabaka yenyewe huenda yakawa machache, lakini nguvu inapimwa kwa kipimo hicho hicho. Tairi ya tuktuk kwa kawaida ni 6PR au zaidi. Ya wilbaro mara nyingi ni 2PR au 4PR. Yangu ilikuwa 2PR. Laiti ningeinama na kusoma, ningeirudisha pale pale.

Kisha tafuta namba ndogo inayofuatwa na herufi moja. Namba ni uzito ambao tairi moja inaweza kubeba, na herufi ni mwendo wake wa juu. Kwa mfano 66 maana yake ni kilo 300. Herufi F ni kilomita 80 kwa saa, J ni 100. Ukikuta tairi haina alama hii wala PR, iache. Fanya hesabu mwenyewe: abiria watatu wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 210, bado wewe, bado magunia ya viazi, bado chombo chenyewe ambacho peke yake kinapita kilo 300.

Mwisho tafuta tarehe. Kwenye tairi nyingi kuna neno DOT, na mwisho wa mstari huo kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Kwa hivyo 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Mpira huzeeka hata kama haujatumika, hasa ukianikwa nje ya duka kwenye jua letu la Pwani. Ikunje kidogo kwa mikono na utazame kwenye mikunjo. Ukiona nyufa ndogo ndogo, hiyo ni mpya kwa jina tu.

Kuna hatari nyingine ambayo bei yake inavutia zaidi: tairi za kuchongwa. Tairi iliyokuwa kipara inachukuliwa, inachongwa mifereji mipya kwa kisu cha moto, inapakwa rangi nyeusi ing'ae, inauzwa. Meno unayoyaona si mpira ulioongezwa, ni mpira uliopunguzwa. Mifereji imekaribia nyuzi. Ili kuitambua, tazama ndani ya mfereji. Tairi halali ina vijituta vidogo chini ya mifereji, na ubavuni karibu navyo mara nyingi kumeandikwa TWI. Vijituta hivyo vinakuonyesha tairi inapoisha. Kwenye tairi ya kuchongwa utakuta vimekatwa, mifereji haiendi sawa, na wakati mwingine nyuzi zinachungulia.

Jambo ambalo tunalipuuza sana ni kununua moja. Najua sababu, mimi pia nililipuuza. Hesabu ya tajiri inangoja jioni, mafuta yamepanda, basi unanunua moja na nyingine "itangoja mwezi ujao". Lakini tairi mbili za nyuma zimeunganishwa na difu. Kazi ya difu ni kuruhusu gurudumu moja lizunguke zaidi ya jingine wakati wa kukata kona. Ukiweka mpya upande mmoja na kipara upande wa pili, mpya ni kubwa kidogo, kwa hivyo kila mzunguko inakwenda mbali zaidi. Difu sasa inafanya kazi ya kona hata ukiwa umenyooka barabara nzima. Inachakaa bila sababu, chombo kinavuta upande, na breki hazishiki sawa. Nunua mbili za aina moja. Iliyo nzima kidogo kati ya zile za zamani iwe spea. Usiihamishie mbele, kwani mbele kuna gurudumu moja tu, na hilo likiponyoka halina mwenzake wa kulisaidia.

Tairi mpya iende na tyubu mpya. Ya zamani imeshatanuka, ukiiweka ndani ya tairi mpya inakunjika, mkunjo unasuguana na tairi, na baada ya siku chache una pancha usiyojua imetoka wapi. Kabla ya kufunga, mwambie fundi asugue rimu. Chumvi ya hewa yetu inakula chuma, na kutu hiyo ndiyo inayotoboa tyubu kutoka ndani.

Hapa nawaomba mafundi wanaoanza kazi wanisikilize. Rimu nyingi za tuktuk za inchi 8 ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati. Toa upepo wote kwanza, hadi usikie umekwisha, ndipo uguse nati hizo. Ukizifungua tairi ikiwa na upepo, vipande vinaweza kuachana kwa kishindo na kukuvunja mkono au uso. Wakati wa kufunga, hakikisha tyubu haikubanwa kati ya vipande. Na gurudumu likisharudi kwenye chombo, nati zake zikazwe kwa kupishana, kisha uzirudie kuzikaza baada ya kazi ya siku ya kwanza.

Upepo pimeni kwa geji, tairi ikiwa imepoa, asubuhi kabla ya kazi. Kuipiga teke hakukuambii kitu. Tairi yenye upepo mdogo inapindika ubavuni kila mzunguko, inapata joto, na joto ndilo linalopasua. Kwenye njia zetu za ndani, kule mawe ya matumbawe yalikochomoza ardhini, ubavu laini kama huo hukatwa kwa mara moja.

Limebaki suala la fedha, nalo ndilo linalotugombanisha. Wengi wetu tunaendesha chombo cha mtu, na hatukuwahi kuelewana tairi ni ya nani. Dereva anasema ni ya tajiri kwa sababu chombo ni chake. Tajiri anasema ni ya dereva kwa sababu yeye ndiye anayeimaliza. Wakati wanavutana, abiria wamekalia kipara. Mimi na tajiri wangu tulikaa baada ya ile Jumamosi, tukakubaliana kiasi kidogo kitolewe kwenye hesabu kila wiki na kuwekwa kando kwa ajili ya tairi peke yake. Pancha ni zangu, tairi ni za mfuko huo. Tangu hapo hatujagombana, na sijanunua tena kwa kukimbizana na bei.

Nawe abiria, kabla ya kupanda, tupia jicho chini. Ukiona tairi ya nyuma inang'aa kama sahani, mwambie dereva, kisha subiri nyingine. Asikasirike, nami nikiambiwa sitakasirika.

Yule mama wa Kiembeni nilimtafutia tuktuk nyingine siku ile na nikamlipia nauli. Alinishukuru na kurudia kwamba ajali haina kinga. Nilishindwa kumwambia kwamba ile ilikuwa nayo, na kinga yenyewe ilikuwa imeandikwa ubavuni mwa tairi siku zote tatu za wiki nilipoiosha.