Usingizi Nao ni Dawa

Mahindi yanapokomaa wakulima wengi hukesha shambani kuwafukuza nguruwe. Asubuhi hushika jembe, na jioni huenda darasani kujifunza kusoma. Baada ya siku chache utawasikia wakisema, "Mwalimu, kichwa kizito, herufi haziingii." Wengine hujikata kwa panga. Hudhani ni uzee, au wamerogwa. Mara nyingi ni kukosa usingizi tu.

USINGIZI HUFANYA KAZI GANI?

Usidhani kwamba ukilala mwili wako huacha kazi. Moyo hupiga polepole na shinikizo la damu hushuka, ndipo moyo na mishipa hupumzika. Mwili hutengeneza sehemu zilizochakaa, na nguvu ya kupigana na magonjwa huongezeka. Kwa watoto, homoni ya kukua hutoka kwa wingi wakati wa usingizi mzito. Anayelala kidogo kwa miaka mingi yumo katika hatari zaidi ya kupata ugonjwa wa shinikizo la damu na kisukari.

Ubongo nao huhifadhi mafunzo ya mchana. Mwaka 1924 wataalamu wawili wa Marekani, Jenkins na Dallenbach, walieleza jaribio lao. Wanafunzi wawili walikariri silabi zisizo na maana. Walikumbuka nyingi zaidi walipolala baada ya kukariri kuliko walipokaa macho kwa muda ule ule.

TULALE SAA NGAPI?

Mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila siku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12.

TUFANYE NINI?

1. Walinzi wa mashamba wapeane zamu. Aliyekesha alale kwanza, ndipo ashike panga.
2. Lala na kuamka saa zile zile. Usinywe kahawa wala chai kali jioni. Weka simu mbali.
3. Usitafute usingizi kwa pombe. Huuleta upesi, kisha huuharibu usiku.
4. Lala ndani ya chandarua chenye dawa.
5. Usilale na jiko la mkaa chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua.

Ukilala vya kutosha na bado unasinzia mchana, au ukikoroma na kukatika pumzi, nenda kituo cha afya. Fanya hivyo hasa kama unaishi penye mbung'o, kwa maana huenda ni malale.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nyumbani kwako, nani hulala wa mwisho na kuamka wa kwanza? Je, si mama?
2. Ni kazi zipi zake ambazo wengine wanaweza kuzifanya kuanzia leo ili naye alale?