Pikipiki Sita Katika Njia ya Dilolo

Ndugu mutumikaji, na wewe mama unayesoma ukurasa huu wakati bwana yuko kazini, leo tutoke kidogo katika mugodi na twende njiani.

Tuseme habari ya kifo imefika kutoka Dilolo. Muzee wa jamaa amefariki. Zamani watu wangeenda kungoja gari la moshi, kwani reli ilifika Dilolo katika mwaka 1931. Leo vijana hawangoji. Usiku ule ule wanahesabiana: pikipiki sita, watu kumi, mablanketi, gunia la unga. Asubuhi wanatoka Kolwezi, na mbele yao kuna zaidi ya kilometa 400, kupitia Mutshatsha na Kasaji.

Katika pikipiki zile sita, nani anapima mbio?

Wewe mwenyewe unajua jibu. Ni yule kijana mwenye pikipiki mupya, asiyebeba mutu nyuma. Anatangulia, wengine wanamufuata, na wa mwisho kabisa ni shemeji mwenye pikipiki ya zamani, aliyebeba bibi yake pamoja na gunia. Shemeji anaona wenzake wanapotea katika vumbi. Anaogopa kuachwa. Anaona haya kusema kwamba freni yake haishiki vizuri. Basi anaongeza mbio. Ni yeye tunayemukuta ndani ya mufereji, na wenzake wanapata habari baadaye, wakati wamesimama mbali kwa kunywa maji na wanaulizana: «Shemeji yuko wapi?»

Watu watasema shemeji alikimbia sana. Ndiyo, alikimbia. Lakini nani alimukimbiza?

Sasa sikieni habari ya kundi lingine. Tarehe 14 ya mwezi wa ine 2004, wachezaji wawili wa sinema, Ewan McGregor na Charley Boorman, walianza safari ya pikipiki kutoka London, na mupiga picha Claudio von Planta alisafiri pamoja nao. Walivuka Ulaya, wakapita Kazakhstan, Mongolia na Siberia, wakapanda ndege mpaka Alaska, na tarehe 29 ya mwezi wa saba wakaingia New York. Karibu kilometa 30,000. Walikuwa na pesa na magari ya musaada, vitu ambavyo sisi hatuna tukienda kwa matanga. Lakini Mongolia, penye matope na mito bila daraja, pesa haikusaidia sana. Pikipiki zao kubwa zilikuwa nzito, zikaanguka mara nyingi. Ile ya mupiga picha ikaharibika. Hawakumuacha nyuma. Walimupatia pikipiki ndogo ya Kirusi, nyepesi, na wakaendelea kwa mwendo uliowezekana kwa wote watatu. Wote watatu walifika.

Basi, kabla ya kuwasha motere, mupange kundi lenu namna hii. Shemeji asikae nyuma. Mumuweke wa pili, nyuma ya kiongozi anayejua njia, na kiongozi afuate nguvu za shemeji. Wa mwisho awe mutu mwenye akili na mazoea, mwenye kubeba pompi, funguo na dawa za kidonda. Katikati, kila mutu ana kazi moja: kumuchunga yule aliye nyuma yake. Angalia katika kioo. Ukikosa kumuona, punguza mbio. Ukikosa bado, simama. Aliye mbele yako atakukosa vilevile, naye atasimama, na kwa namna hiyo kundi zima litasimama bila mutu kupiga kelele. Njia ikigawanyika, usipite kabla ya kuonwa na anayekufuata.

Tena musifuatane karibu. Kwa mbio ya kilometa 60 kwa saa, unapita karibu metre 17 katika sekunde moja. Kama mwenzako yuko metre kumi mbele na anafunga freni, unaweza kumugonga kabla ya kusimama, hata ukikamata freni yako. Ndani ya vumbi la kiangazi, acheni nafasi kubwa mpaka vumbi litulie. Na katika muchanga, usishike freni ya mbele kwa nguvu; tuliza mikono, uache motere ivute polepole.

Wale wanaoelekea upande mwingine, Likasi na Lubumbashi, wana lami, na huko shida ni makamyo. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikiri. Makamyo mengi yanatoka Zambia, Tanzania na Afrika ya Kusini, inchi ambazo watu wanaongoza upande wa kushoto. Usukani wao uko kuume. Sisi tunapita upande wa kuume, kwa hiyo chofere yule anakaa upande wa mufereji. Wewe unataka kumupita kwa upande wa kushoto, mbali na macho yake kabisa. Kama huoni uso wake katika kioo chake, yeye pia hakuoni. Na pikipiki sita zisimupite pamoja kama mukia wa nyoka: wa kwanza alipata nafasi, wa ine hana.

Ukiona nyuma ya kamyo kibati cha pembe ine kinachosimama kwa ncha moja, juu cheupe na picha ya mukono unaoliwa na maji makali, chini cheusi na namba 8, ujue kimebeba kitu kinachounguza mwili. Namba 1830 ni asidi sulfuriki, ileile tunayoijua katika mausini. Mwezi wa pili 2019, katika njia ya Lubumbashi na Kolwezi, kamyo ya asidi iligongana na magari mengine, na watu karibu 20 walikufa. Kwa hiyo kaa mbali nayo. Mutu akimwagikiwa, muvue nguo upesi na umuoshe kwa maji mengi, kwa dakika 20 au zaidi. Usipake mafuta wala dawa ya kienyeji.

Yule aliyetoka posti ya usiku asiongoze asubuhi ile. Wachunguzi wa Australia waliandika katika mwaka 2000 kwamba mutu aliyekaa macho saa 17 anafanya makosa kama mutu aliyekunywa pombe. Hajagusa lutuku hata kidogo, lakini mikono yake inachelewa sawasawa na ya mulevi. Alale kwanza, ao akae nyuma ya mwingine. Na giza lisiwakute njiani: muombe pa kulala Mutshatsha ao Kasaji, muendelee kesho.

Juu ya kasiki tumeandika mara nyingi, na bado tunaona kasiki zinaning'inia kwenye usukani kama kikapu cha soko. Wataalamu wa Cochrane walikusanya uchunguzi mwingi katika mwaka 2008: kasiki inapunguza vifo vya wenye pikipiki kwa 42 kwa mia, na vidonda vya kichwa kwa 69 kwa mia. Hiyo ni kasiki iliyofungwa chini ya kidevu. Bibi ya shemeji naye ana kichwa.

Mama, hapa kuna kazi yako. Usiku ule wanapohesabiana, uliza mbele ya wote: freni ya nani ni mbaya? Mwanaume hatasema mwenyewe, lakini atajibu akiulizwa. Uliza nani ametoka posti. Kisha andika katika karatasi jina la kila mutu na namba ya simu ya nyumbani, umutilie mufukoni. Mupatane watapiga simu wakifika Mutshatsha, Kasaji na Dilolo, kwani katikati simu haishiki pahali pengi. Na wakipiga, usitosheke kusikia «tumefika». Uliza wako wangapi, na uombe kusikia sauti ya shemeji.